Kaa la Moto na Mguu wa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumruhusu mtu mwingine aifanye. Alipepea mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaupanga ndani ya pasi ya chuma, kisha akaifunga na kuiweka mezani mbele ya Bibi. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo akinyamaza, ama amelala ama ameharibu kitu.

Bibi alikuwa dobi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, bakuli la maji ya kunyunyizia, na waya uliotundikwa mashati ya watu. Bibi aliinama juu ya meza hiyo tangu asubuhi hadi mchana bila kulalamika. Wateja walitania kwamba shati likitoka mikononi mwake, nzi akitua juu yake atateleza.

Taabu ilianza mchana, wakati wa kupeleka nguo kwa wenyewe. Bibi alijitwika furushi la shuka kichwani, naye Chiriku akabeba mashati. Miezi ya nyuma walikuwa wakizunguka mitaa yote huku wakipiga soga. Siku hizi, kabla hawajafika kwa fundi baiskeli, Bibi alikuwa amekwisha kusimama.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Miguu inawaka moto."

Alitua furushi, akaketi kwenye benchi la fundi na kuinama mbele, viwiko vikiwa juu ya magoti. Baada ya muda mfupi maumivu yalipoa, akainuka kama mtu asiyeumwa. Wakiendelea kutembea, yalirudi tena, yakianzia kiunoni na kushuka mapajani hadi kwenye nyayo. "Miguu inakuwa mizito kama suruali ya jinzi iliyolowa maji," Bibi alisema.

Siku moja Kibiriti, mvulana wa darasa la Chiriku, aliwaona. Kesho yake alimsubiri langoni.

"Bibi yako ni mjanja! Kutwa anasimama mezani, akitembea kidogo tu, aa, miguu! Halafu anajikunja kama ndoano."

"Ndoano ni ulimi wako!" Chiriku alimjibu.

Hata hivyo, maneno yale yalimchoma. Kweli, iwezekanaje mtu asimame saa nyingi akipiga pasi, kisha ashindwe kutembea mtaa mmoja? Alifikiri mpaka akajipatia jibu lake mwenyewe: ni kule kujikunja ndiko kunakomwumiza Bibi. Mwalimu wa mazoezi hakuwa akiwaambia kila siku wakae wima? Tangu siku hiyo akawa mwalimu wa Bibi.

"Nyooka, Bibi! Kifua mbele!"

"Haya, bwana mkubwa," Bibi alimjibu huku akicheka, akajinyoosha na furushi lake kichwani. Lakini alipojinyoosha, maumivu yalikuja mapema zaidi. Chiriku aliona na kudhani kwamba bado hajanyooka vya kutosha.

Kisha ikaja ile asubuhi ya kaa la moto. Bibi alifungua kifuniko cha pasi ili aongeze mkaa, na kaa moja likaruka na kutua juu ya mguu wake wa kulia, karibu na vidole. Chiriku alisikia harufu ya ngozi inayoungua.

"Bibi! Mguu!"

Bibi alitazama chini taratibu, kana kwamba mguu ule ulikuwa wa jirani. Akaurusha, kaa likabiringika sakafuni. Hakulia wala hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Chiriku kuliko jeraha lenyewe.

"Hukusikia, Bibi?"

"Nimesikia... kidogo." Macho ya Bibi yalikimbilia dirishani. Alimwagia mguu maji, akavaa soksi, kisha akamshika mjukuu wake mkono. "Sikiliza. Mama yako asijue. Akijua, pasi hii ataifungia kabatini. Mimi nimeishi kwa mikono hii. Siku nitakayokaa bure kwenye kiti nikipigwa na jua, ujue kwamba nimekwisha. Umenielewa? Niahidi."

Chiriku aliahidi. Angewezaje kumkatalia Bibi?

Ahadi ile ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Darasani mwalimu aliuliza swali, yeye akaona mguu uliovaa soksi. Ikiwa moto haumuumizi Bibi, basi mguu ule unakufa? Na ukifa mguu, nini kitafuata? Nyumbani alimtazama Bibi akizunguka meza, akaona kwamba mara nyingine kidole gumba kilikwaruza sakafu. Alitaka kusema, akakumbuka ahadi, akanyamaza.

Mama, aliyekuwa akishona sare za shule katika karakana, aligundua mara tu aliporudi kutoka kazini.

"Chiriku wangu leo amemeza nini? Nyumba imepoa hivi!"

"Hamna kitu, Mama."

"Hamna kitu, na hata chakula hujagusa?"

"Nimeshiba."

Ulikuwa uongo mdogo, lakini alipoutamka aliona haya hata kumtazama mama yake usoni.

Jumamosi walitoka tena na nguo. Kwa hofu yake, Chiriku alisisitiza kuliko siku zote. "Nyooka, Bibi. Tafadhali, nyooka sana." Aliamini kwamba kama mgongo ungekaa wima, mguu ungepona na siri isingehitajika tena. Bibi alijinyoosha na kung'ata meno. Walilipita benchi la fundi baiskeli bila kuketi. Hawakufika mbali. Mguu wa kulia ulikwaruza ardhi, goti likalegea, na Bibi akaanguka. Shuka nyeupe zilitawanyika vumbini.

"Bibi!" Chiriku alipiga yowe.

Fundi baiskeli alitupa spana, akaja mbio na kumnyanyua hadi kwenye benchi. Bibi aliinama mbele akihema. "Fundi," alisema baada ya kupata pumzi, "shuka zimeanguka vizuri kuliko mimi." Fundi alicheka kwa wasiwasi, kisha akampigia Mama simu. Mama alifika akiwa bado ameweka uzi begani, na bila maneno mengi akawapeleka wote kwenye zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza Bibi anajisikiaje.

"Ni uzee tu, binti yangu. Na leo sikunywa chai vizuri."

"Miguu inapata ganzi?"

"Ganzi? Hapana."

"Umewahi kuumia bila kusikia maumivu?"

"Aka, hata!"

Bibi alimtupia Chiriku jicho, jicho la kumkumbusha ahadi. Kumsahihisha mkubwa mbele ya watu si adabu, na kuvunja ahadi ni vibaya zaidi. Lakini daktari alikuwa tayari anaandika, na alichokiandika hakikuwa kweli.

"Bibi, nisamehe," alisema, na machozi yakamtoka. "Daktari, aliangukiwa na kaa la moto mguuni. Hakusikia. Jeraha lipo chini ya soksi."

"Chiriku!" Bibi alimaka.

Mama alishika mdomo. "Kaa la moto? Lini? Na wewe ulikuwa unajua?"

Daktari alipiga magoti mwenyewe, akaivua soksi. Jeraha lilikuwa limeanza kutunga usaha. Alilisafisha, akapapasa mapigo ya damu ya mguu, akagonga magoti kwa nyundo ndogo, akamwambia Bibi ainue vidole vya miguu. Vya kulia viliinuka kwa shida. Alimuuliza pia kama haja ndogo na haja kubwa humtoka bila kujijua, au kama ana ganzi kati ya mapaja.

"Hapana. Na hilo ni kweli, wallahi," Bibi alisema, kichwa chini.

Damu ilipimwa, ikaonekana kwamba hana ugonjwa wa sukari. Daktari aliagiza waende hospitali kubwa haraka ili mgongo upigwe picha. Zile siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Bibi hakusema na Chiriku isipokuwa kwa jambo la lazima, na pasi ilikaa mezani ikiwa baridi. Chiriku aliitazama akijiuliza kama amemwokoa Bibi au amemnyang'anya maisha yake.

Waliporudi kwa daktari, aliwaonyesha picha. "Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana. Katikati yake kuna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Kadiri umri unavyosonga, mifupa huota vinundu na nyama za pembeni hunenepa. Kwako mfereji umekuwa mwembamba hapa kiunoni, na mishipa inabanwa."

Bibi aliitazama picha kwa muda. "Ni kama nefa," alisema polepole, "ule mkunjo wa kiunoni unaopitisha kamba ya suruali. Nguo ikirudi na kubana baada ya kufuliwa, kamba inakwama."

"Ndivyo hasa! Sasa, ukiinama mbele mfereji unapanuka kidogo na mishipa inapumua. Ukijinyoosha, unabana. Ndiyo maana mezani huumwi, na njiani unaumwa. Hukuwa unajisingizia."

Chiriku aliganda. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia anyooke."

"Ulimtakia mema," daktari alimwambia. "Ila mgonjwa hatibiwi kwa kukisia. Ukiona jambo usilolielewa, uliza."

Bibi alikohoa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na pasi yangu?"

Mama alifungua mdomo, lakini daktari alitangulia. "Pasi utaendelea nayo, kwa masharti. Viatu vya kufunika, na kuitazama miguu kila siku. Pumzika kabla maumivu hayajazidi. Furushi kichwani, sasa basi. Mtaalamu wa viungo atakufundisha mazoezi, kama kulala chali na kuvuta magoti kifuani. Ugonjwa hautaondoka, ila wengi huishi nao vizuri. Daktari wa upasuaji naye atauangalia mguu huu, kwa kuwa umeanza kulegea. Na haja ikianza kukutoka, au ganzi ikipanda mapajani, au miguu ikiishiwa nguvu ghafla, usingoje kesho. Njoo saa ileile."

Fundi baiskeli alitengeneza toroli lenye magurudumu mawili ya baiskeli na mpini wa kimo cha kiuno. Furushi lilikaa ndani, naye Bibi akaegemea mpini, akiwa ameinama kidogo. Siku ya kwanza walilipita benchi la fundi, wakafika kwa mteja wa mbali, wakapumzika mara chache tu. Kibiriti aliwatazama, akakuna kichwa, kisha akauliza kwa aibu kama anaweza kusaidia kusukuma mlimani.

"Sukuma," Bibi alisema, "lakini ukinipindua, utafua shuka zote wewe."

Wiki zilipita. Jeraha lilifunga, na daktari wa upasuaji akasema kwamba kwa sasa mazoezi yanatosha, mradi aonekane kila mara. Jioni moja Bibi alimwita Chiriku mezani.

"Nilikununia," alisema. "Nilidhani umeniuza, kumbe umeninunua. Kosa lilikuwa langu. Nilimtwika mtoto mzigo ulionishinda mtu mzima."

Mama aliweka chini sare aliyokuwa akiishona. "Mwanangu, siri ya zawadi itunze hadi siku yake. Lakini siri ya maumivu, hata mwenyewe akuombe kwa machozi, mpelekee mtu mzima anayeweza kusaidia. Mficha maradhi huyasaidia maradhi. Na wewe, Mama," alimgeukia Bibi, "pasi sitaifungia kabatini. Ungeniuliza tu."

Bibi alicheka, akajinyoosha ili atundike shati la mwisho.

"Bibi!" Chiriku alipaza sauti. "Inama!"