Mkaratusi wa Mpakani

"Sauda, usimpigie mtu simu!"

Mama alinishika mkono. Nje mkaratusi ulilia kwiii juu ya bati letu. Upepo ulikuwa umeanza tangu adhuhuri.

"Mama, mti unakuja huku! Udongo umefumuka!"

"Nitamwambia nini Mzee Ambindwile? Kwamba mizizi niliikata mimi?"

Ndiyo hivyo. Jirani yetu huyo hapa Ibighi alipanda mikaratusi saba, hatua moja tu kutoka mpakani. Ikanywa maji hadi migomba yetu ikasinyaa. Mama alilalamika weee, akachoka. Wiki iliyopita akachimba mtaro upande wetu, akakata mizizi yote, tena karibu kabisa na shina la huu ulioelekea nyumba.

"Basi tutoke nje!"

"Nyumba ya marehemu baba yako siiachi. Uniangukie humu humu."

Nikaandika meseji kwa siri: "Lusu, mkaratusi unatuangukia. Mama hataki kutoka. Njoo."

Lusungu ni mtoto wa Mzee. Tulikuwa tumependana miaka miwili, wazazi hawajui chochote.

"Niko Isongole napakia viazi. Nachukua boda sasa hivi," alijibu.

Alifika katapakaa tope, akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Nikamfuata.

"Baba, tuukate ule mti. Sasa hivi!"

"Gwe, wewe! Mbao zile ni za nyumba yako. Haukatwi hata mmoja mpaka siku utakayoleta mke."

"Basi nimemleta."

"Yuko wapi?"

Akaninyooshea kidole.

"Huyu wa jirani? Mwislamu?"

"Ndiye, baba."

Mzee alinikazia macho. Nilijua nafukuzwa, na Lusu wangu nimemkosa. Mti ukapasuka kwaa! Mama akapiga yowe ndani kwetu.

"Mizizi alikata mama," nikaropoka nikilia. "Tusamehe, Mzee."

"Najua. Jembe lake nililisikia. Nikanyamaza kwa kiburi changu." Akageuka. "Lusungu, kamba! Ita watu!"

Kisha akaenda mwenyewe kugonga mlango wetu.

"Mama Sauda, toka. Mkwe wangu hawezi kuolewa huku anazika mama."

"Mkwe wako nani?"

"Toka, utaelezwa!"

Mama akatoka, mtandio umemdondoka. Lusungu alikwea na kamba kwenye shina lile lililokuwa likiyumba, nami nikafumba macho nikasoma kila dua niliyoijua. Aliposhuka mzima, wanaume kumi wakavuta kuelekea upande wa Mzee, shoka likifanya kazi.

Ukaenda. Puu! Moja kwa moja juu ya banda la nguruwe la Mzee. Nguruwe wawili walichomoka wakipiga kelele, wakatokomea migombani.

"Yarabi, Mzee, banda lako!" mama akasema.

"Liache, Mama Sauda. Wakwe zangu wangekula vipi ubwabwa wa harusi na harufu ile?"

Lusungu akanishika mkono mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza.

Wajomba zangu na mchungaji wa kanisa la kina Lusu walisumbuana miezi minane kabla hatujaoana. Ile miti sita iliyobaki ilikatwa wiki ileile ya upepo. Dari ya chumba chetu ni ya mbao zake, lakini upepo ukivuma bado nashtuka, na Lusu huniambia nilale, mpakani sasa kuna migomba tu.