Walio Hai Hawaitwi

Jumapili hiyo Mourine alitoka kanisani Ruiru, akanunua pakiti ya maziwa na ndizi, akaenda kumwona dadake Nafuna kule Landless, Thika. Jua lilikuwa limewaka. Akina mama wa ploti alimopanga Nafuna walikuwa wakianika nguo na kupiga domo, siku kama siku zingine.

Nafuna alimfungulia akinuka pombe. Tangu azike kabinti kake, tena hata jina hakajapewa, alikuwa akinywa asubuhi na jioni. Ploti nzima ilisema amerogwa. Haya, waache waseme, mdomo haulipiwi kodi. Hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje.

"Nikikunywa simsikii," Nafuna alinong'ona. "Nikiacha tu, analia."

"Nani?"

"Mtoto, Mourine."

"Hiyo ni pombe inakudanganya, dadangu. Kesho nakupeleka kliniki. Leo hautakunywa hata tone."

Akamwaga chupa yote chooni. Akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye sidiria. Maskini Mourine, alidhani anaokoa mtu.

Nafuna hakugombana. Alijilaza kitandani nyuma ya pazia, akakumbatia shali ya mtoto. Alitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka.

"Usiniache naye," alisema.

"Siendi popote."

Mourine akakaa upande huu wa pazia, akabandika chai. Ilipoanza kuchemka, mtoto akalia.

Alidhani ni wa jirani. Akatega sikio. Wapi! Kilio kilitoka nyuma ya pazia, humo humo ndani. 

Kwao Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee husema anatafuta jina. Humtajia jamaa waliokufa, mmoja mmoja. Akinyamaza, basi hilo ndilo lake. Walio hai hawaitwi.

Labda anataka jina tu, Mourine aliwaza. Nimpe, aende alale, dadangu naye apumzike.

"Wewe ni kukhu Nekesa?" alinong'ona, akimtaja nyanya yao.

Kilio.

"Ni shangazi Naliaka?"

Kikazidi.

"Nanjala?"

Kikapanda. Akawataja wafu wote aliowajua. Wakaisha. Kwa woga akamwita dadake.

"Nafuna!"

Kilio kikakatika papo hapo.

Alisimama pale. Hakutaka kufungua pazia. Alijua. Mungu wangu, alijua.

"Nafuna?" aliita tena, polepole. "Dadangu, si uitike?"

Hospitalini daktari alimweleza kwa upole kwamba mwili uliozoea pombe hivyo hauachishwi ghafla. Wangemleta tu jinsi alivyokuwa, amelewa, pengine angesaidika. Mpaka leo Mourine akiikumbuka ile chupa hulia kama mtoto.

Kuhusu shali, hakumwambia daktari. Angemwambia nini? Alipofungua pazia, Nafuna alikuwa amelala kwa ubavu, blauzi imefunguliwa, mkono umepinda kama wa mama anayenyonyesha. Uso wake ulikuwa umetulia, jambo ambalo Mourine hakuwa ameliona tangu mazishi. Shali ilikuwa kwenye mkono huo, imezungushwa vizuri, haina kitu ndani.

Mourine aliigusa. Ilikuwa na joto, na upande mmoja imelowa maziwa. Nafuna maziwa yalimkauka miezi mingi iliyopita.