Rangi Aliyoijua Mizuho

Watoto wa Yui, mji mdogo wa wavuvi huko Japani, wakitoka shuleni hawaendi nyumbani moja kwa moja. Hupitia kwanza kibanda cha oden, vitoweo vya kuchemshwa, wakachagua mshikaki kwenye sufuria ya mchuzi mweusi, wakaunyunyizia unga wa samaki, ndipo wakakumbuka kwamba wana kazi za shule. Mizuho Katsumata na rafiki yake Itsuki Mochizuki, wote wa darasa la sita, walikuwa hivyohivyo.

Tofauti yao ilionekana palepale kwenye sufuria.

"Shangazi, hiki cheusi ni nini?" Itsuki alimwuliza muuzaji siku moja.

"Mwani huo, wewe nawe!" Mizuho alidakia. "Hata mwani huujui?"

"Samaki wa kusagwa," alisema muuzaji.

Mizuho alitafuna, akameza. "Nilijua," akasema.

Darasani walimwita Mjuaji. Yeye alidhani wanamsifu.

Mwaka huo Itsuki alikuwa na kazi kubwa. Babu yake alikuwa ameamua kuacha uvuvi. Alikuwa ametega kamba wadogo wa rangi ya waridi katika ghuba ile tangu kabla mama yake Itsuki hajazaliwa, lakini sasa mgongo ulikuwa umemshinda. Boti yake, Miyoshi Maru, ilikuwa imepata mnunuzi wa bandari nyingine, na mnunuzi huyo angekuja kuichukua Jumapili, wakati wa karamu ya kuagana. Kwa hiyo Itsuki alikuwa akimtengenezea babu yake modeli ya boti ile, ya plastiki, ndefu kama mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole. Alikuwa amekata vipande, akavipiga msasa na kuvigandisha kwa gundi likizo nzima. Babu angekuwa na Miyoshi Maru ya kuweka nyumbani.

Kilichobaki kilikuwa rangi.

"Sijawahi kununua rangi za modeli," Itsuki alisema. "Nasikia ziko za namna nyingi."

"Niachie mimi," alisema Mizuho. "Binamu yangu ana kabati zima la vifaru na ndege. Mambo ya rangi nayajua."

Ni kweli binamu alikuwa na kabati. Mizuho alikuwa amelitazama kupitia kioo.

Duka la modeli la Bi Ushiyama, alikokwenda Mizuho peke yake, lilikuwa mji wa jirani wa Shimizu, karibu na stesheni. Ukuta mzima ulikuwa wa rangi: chupa ndogondogo juu, chupa chini, makopo ya kupuliza katikati yake. Mizuho alisimama mbele ya ukuta ule akahisi kama mtu aliyepewa mtihani wa darasa lisilo lake.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Ushiyama, mama mnene mwenye aproni yenye madoa ya kila rangi. "Ndiyo unaanza?"

Wavulana wawili waliokuwa wakichagua magari waligeuka kumtazama.

"Siyo," alisema Mizuho. "Nimeshatengeneza nyingi."

"Vizuri. Basi unajua kwamba hizi za juu ni rangi za thina kali, hizi ni za mafuta, na zile za chini ni za maji. Na unajua ipi haipakwi juu ya ipi?"

"Najua."

Bi Ushiyama alimwangalia kidogo. "Kama kuna lolote ungependa kuuliza, niko hapa."

"Hakuna."

Wavulana walimpisha kwa heshima. Mizuho akachukua nyekundu ya chini ya boti na nyeusi ya kuandikia jina, kwa sababu vifuniko vyake vilimpendeza. Hizo zilikuwa za mafuta. Kwa kumalizia akachukua kopo la kupuliza la rangi isiyo na rangi, ile ya kung'arisha na kukinga, kwa sababu lilikuwa na picha ya gari linalometameta. Hilo lilikuwa la thina kali. Maandishi ya ubavuni hakuyasoma.

Itsuki alipaka kwa brashi. Alifuata mstari wa maji bila kutetemeka, kisha akaandika jina Miyoshi Maru ubavuni akiiga mwandiko wa babu yake, huku amebana pumzi. Jumatano, rangi ilipokuwa imekauka, walikutana chumbani kwake ili Mizuho apulize kile kimiminika cha kung'arisha.

"Tufungue dirisha?" Itsuki aliuliza.

"Vumbi litaingia. Najua."

"Si tujaribu kwanza kwenye kipande kingine?"

"Kujaribu ni kwa wasiojua," alisema Mizuho, akabonyeza.

Kopo lilizomea kama paka. Harufu kali ikajaa chumbani mpaka macho yakawasha. Mizuho alipuliza mara ya kwanza, ikang'aa. Akapuliza tena, na tena, ing'ae zaidi. Itsuki ndiye aliyeona kwanza.

"Acha! Acha!"

Rangi nyekundu ilikuwa inajikunja kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Mikunjo ikapanda ubavuni, ikalifikia jina. Herufi zikapasuka, zikachuruzika. Kufumba na kufumbua, haikusomeka tena kama ni Miyoshi Maru au ni madoa ya wino.

Itsuki alifungua dirisha. 

"Umefanya nini?" akauliza.

Mizuho aliliweka kopo chini haraka. "Siyo mimi. Kopo bovu. Yule mama ametuuzia kopo bovu!"

Mama yake Mizuho alikuwa fundi wa meno ya bandia, na alikuwa mtu asiyezungusha maneno. Alipokuja kumchukua Mizuho jioni, akakuta nyuso mbili zimevimba na boti imekunjamana, aliuliza swali moja tu.

"Nini kimetokea?"

"Kopo bovu," alisema Mizuho.

Mama alilichukua kopo, akalitikisa sikioni, akasoma maandishi ya ubavuni. Kisha akasoma ya kwenye chupa ya rangi nyekundu. Akamtazama binti yake.

"Kitu kibovu kinarudishwa. Vaeni viatu."

"Mama, si lazima..."

"Kwa nini si lazima? Mwenzio ameharibiwa kazi. Duka halijafungwa. Twende."

Wakaondoka na gari la mama. Itsuki alikuwa ameipakata boti kwenye boksi la viatu. Mizuho alitamani taa zote za barabarani ziwe nyekundu. Zote zilikuwa kijani.

Dukani, mama aliliweka kopo juu ya meza. "Binti yangu anasema hili ni bovu," alisema.

Bi Ushiyama aliitazama boti. Alilitazama kopo, kisha chupa. Alielewa mara moja, hilo lilionekana usoni. Lakini hakusema "niliuliza." Alitoka nyuma ya meza, akaweka mikono mbele ya aproni, akainama, akainama sana, mpaka nywele zake zikaanguka mbele.

"Samahani sana," alisema. "Ni kosa langu. Ningepaswa kueleza vizuri zaidi." Kisha akamgeukia Itsuki, mtoto wa darasa la sita, akainama tena. "Samahani, mwanangu. Najua umefanya kazi nyingi."

Wateja wawili waliacha kuchagua, wakatazama. Bi Ushiyama hakuinuka. Mizuho aliuona utosi wake, wenye mvi, na tone la rangi ya samawati lililokaukia sikioni. Mtu mzima alikuwa amemwinamia Itsuki kwa ajili ya uongo wa Mizuho, na hakuinuka.

"Inuka, tafadhali!" Sauti ya Mizuho ilitoka kwa kishindo hata yeye akashtuka. "Siyo wewe. Uliniuliza, nikasema najua. Sikujua. Kopo ni zima. Ni mimi."

Bi Ushiyama aliinuka.

"Sema tena," alisema mama. "Mwangalie mwenzio."

Mizuho aligeuka. "Itsuki, nilidanganya. Rangi sizijui. Sijawahi kupaka hata modeli moja."

Itsuki alimkodolea macho. "Kwa hiyo ulijua," alisema polepole. "Ulijua kwamba hujui."

Mizuho aliinamisha macho.

"Babu hana boti Jumapili," Itsuki alisema. "Ile ya kweli inaondoka, na hii nayo ndiyo hii." Akaliacha boksi juu ya meza, akatoka kwenda kusubiri garini.

Mizuho alilia, lakini mama hakumbembeleza. Alimpa leso tu. "Machozi hayapaki rangi," alisema. "Sasa unafanya nini?"

Mizuho alijifuta. Akamgeukia Bi Ushiyama. 

"Sijui nianzie wapi. Nifundishe, tafadhali."

Bi Ushiyama alimvutia kigoda. "Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri," alisema.

Akamweleza. Thina kali hula rangi ya mafuta iliyo chini yake, ndiyo maana boti ilijikunja. Anayeanza achague kundi moja tu na abaki nalo, na lililo rahisi kwake ni la maji: brashi inaoshwa bombani, harufu si kali, na ukikosea si vigumu kurekebisha. Kwanza rangi ya chini ya kijivu, ili ya juu ishike. Kisha tabaka jembamba, likauke, kisha jingine jembamba.

"Jembamba namna gani?" Mizuho aliuliza.

"Kama maziwa, siyo kama uji."

"Na nitajuaje kama limekauka? Na hiyo ya kung'arisha nayo ni ya maji? Na dirisha?"

"Dirisha wazi, siku zote, hata kwa rangi ya maji. Na kabla ya kugusa boti, jaribu kwenye hiki." Bi Ushiyama akampa fungu la vijiko vya plastiki. "Wanaojua ndio wanaojaribu."

Mizuho aliuliza mpaka taa ya nje ya duka ikazimwa. Kila mara alimtupia mama jicho, akidhani amechoka kusubiri.

"Uliza," alisema mama. "Wali uko tayari nyumbani, hautakimbia."

Usiku ule Mizuho aliilaza boti kwenye beseni la maji akaanza kukwangua kwa msasa laini. Rangi iliyojikunja ilitoka kwa shida, nyingine ikang'ang'ania kwenye pembe. Vidole vilikunjamana kuliko hata ile rangi. Alhamisi alikwangua tena, peke yake, kwenye kibaraza cha kina Itsuki. Itsuki alipita mara mbili bila kumsalimu. Mara ya tatu alisimama.

"Hapo bado," alisema, akionyesha kwa kidole.

"Wapi?"

"Hapo, karibu na usukani. Hebu lete." Akachukua kipande cha msasa, akakaa upande wa pili wa beseni. Hakumsamehe kwa maneno siku ile. Alikwangua tu.

Ijumaa walipaka rangi ya kijivu, halafu nyeupe, halafu nyekundu, zote za maji, zote nyembamba. Dirisha lilikuwa wazi na vijiko vilivyopakwa vilijipanga kwenye kizingiti kama samaki wa kuanikwa. Kila tabaka Mizuho alilijaribu huko kwanza, na Itsuki akalikagua kwa ukucha kabla ya kukubali. Jumamosi Itsuki aliandika jina upya. Herufi ya mwisho ilipinda kidogo, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.

"Sasa ya kung'arisha," alisema Itsuki. "Paka wewe."

"Mimi?"

"Kwani hujui?"

"Kwenye kijiko imekubali," alisema Mizuho. "Kwenye boti ndiyo tutaona."

Ilikubali.

Jumapili gati lilinukia mafuta na kamba wa kukaangwa. Wanawake walikuwa wakitoa kakiage, bajia za kamba, kwenye karai, wanaume wakigombea za moto. Mnunuzi aliwasha injini ya Miyoshi Maru, kamba za kufungia zikatupwa, na boti ikaanza kujitenga na gati. Babu alisimama mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu anayekagua kazi ya mwingine.

Hapo Itsuki alimpa boksi. Babu alitoa modeli, akaigeuza, akalisoma jina kwa kidole. Kidole kikasimama karibu na usukani, ambapo mkunjo mdogo ulikuwa umebaki chini ya rangi.

"Hapa pana nini?"

Itsuki alimtazama Mizuho. 

"Ni mimi, Babu," alisema Mizuho. "Nilisema najua rangi, kumbe sijui. Nikaiharibu, tukaanza upya. Hapo paligoma kutoka."

Babu alimtazama, akaitazama tena boti. "Nani alikwangua kwingine kote?"

"Yeye," alisema Itsuki. "Na mimi kidogo."

Babu alitikisa kichwa kukubali. Akaiweka boti ndogo juu ya kreti la samaki, akaisogeza mpaka omo, sehemu yake ya mbele, ikaelekea baharini, upande uleule ambao ile kubwa ilikuwa inaishilia. Kisha akaketi karibu nayo, akaomba kakiage.

Wakati wa kurudi na watoto wote wawili, mama yake Mizuho alisimamisha gari kwenye kibanda cha oden. Alipenda kusema mambo yake mara moja, kwa hiyo aliyasema wakiwa wamesimama mbele ya sufuria.

"Mizuho, mimi nikisema najua mdomo wa mtu bila kuupima, mzee wa watu atakosa meno ya kutafunia, ale tofu laini maisha yake yote. Kutojua si aibu. Kila mtu anaanzia hapo. Ila ukijifanya unajua, lazima udanganye mara ya pili ili kuficha ya kwanza, na anayelipa ni mwingine. Wiki hii alikuwa Itsuki. Akafuata Bi Ushiyama, ameinamia mtoto. Siku nyingine inaweza kuwa mtu ambaye hana nafasi ya kuanza upya. Kwa hiyo ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, kisha uulize. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na wewe, Itsuki, akijisahau mkumbushe."

"Nitamkumbusha kila siku," alisema Itsuki, kwa furaha kidogo kupita kiasi.

Mvuke ulipanda kutoka kwenye sufuria. Mizuho aliinama, akachungulia mchuzi mweusi, akanyoosha kidole kwenye kipande kimoja cha kahawia alichokuwa akikila miaka yote.

"Shangazi," aliuliza, "hiki nacho ni nini?"