Tulikwenda Mutsamudu Kuchagua Kigari cha Watoto Wawili

Mume wangu alinivusha bahari kutoka Moroni mpaka Mutsamudu, akaniambia tunakwenda kuchagua kigari cha watoto wawili...

Kumbe mtoto mmoja hakutakiwa kurudi!

Nyie, kaeni vizuri niwasimulie. Hii kitu nimeibeba tumboni karibu miaka hamsini.

Naitwa Assia. Ni Mkomori, naishi Mombasa tangu mwaka themanini, ndo maana mnaniona naandika Kiswahili hiki.

Turudi mwaka 1977. Mimi na mume wangu, Fakih, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Magoudjou, pale Moroni. Tulikuwa wakimbizi. Wakomori tulipochinjwa kule Majunga, Madagaska, mwishoni mwa 1976, tulirudishwa visiwani na nguo tulizovaa tu.

Nguo hizo... na mtoto wetu Rahmati.

Mwezi wa nane Rahmati alikuwa na mwaka na kidogo, hata kutembea bado. Na mimi nina mimba ya miezi saba, miguu imevimba kama maboga. Kumbeba siwezi, kumwacha siwezi.

"Nataka kigari," nikamwambia Fakih. "Cha watoto wawili. Huyu na anayekuja."

Karibu wiki nzima akanizungusha. Mara cha nini, mara mtoto mmoja anatosha kubebwa mgongoni. Ikawa kila nikisema "wawili", anaangalia pembeni.

Halafu siku moja akarudi kutoka kazini, uso umempauka.

"Mutsamudu kuna mtu anauza vigari. Viliachwa na Wafaransa walipoondoka. Tunasafiri kesho."

"Kesho?! Na Rahmati?"

"Rahmati ndiye lazima aje."

Jamani, mimi nilifurahi. Ningejua!

Tulishuka bandari ya Mutsamudu asubuhi, jua limeshapanda. Enzi zile za Mongozi, rais wetu wa mapinduzi, vijana wa komiti zake ndio walioshika mji. Pale getini alikuwepo binti mmoja, kitambaa chekundu mkononi, bunduki begani, hata miaka kumi na nane hajafika.

Akamwangalia Rahmati. Akaniangalia mimi.

"Mtoto ni wako?"

"Wangu."

"Karatasi yake?"

"Karatasi gani, dada? Si zote mmechoma?"

Hakucheka. Serikali ilikuwa imechoma makaratasi yake yote mwaka uleule, nani mzaliwa wa nani hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Nikageuka kumtazama Fakih anitetee. Jasho linamtiririka! Na nyuma ya yule binti, kulikuwa na mpakuzi wa mizigo amesimama na gunia begani. Hakulitua. Alikuwa anamkodolea macho mwanangu.

Fakih akamtikisia kichwa. Kidogo tu.

"Unamjua yule?" nikauliza.

"Nani?"

"Yule mwenye gunia!"

"Simjui. Twende."

Yule binti akatufungulia geti, tukapita...

Muuzaji aliitwa Daroueche. Zamani alikuwa mpishi wa Mfaransa mmoja, na Mfaransa alipoondoka akamwachia vyombo. Alitupeleka ua wa nyuma, akafunua turubai.

Vigari viwili.

Cha kwanza kilikuwa cha buluu, viti viwili ubavu kwa ubavu, kipana kama kitanda. Kizuri, nyie! Lakini vichochoro vya Mutsamudu mnavijua? Watu wawili wakikutana, mmoja anapisha. Kingekwama kona ya kwanza.

Cha pili kilikuwa chembamba, kiti kimoja mbele, kimoja nyuma. Kitambaa kimefifia, ila magurudumu mazima. Nikakanyaga breki, nikasukuma kwa nguvu zote. Kikagoma kutembea. Nikavuta mikanda, nikapima kiti cha nyuma kama kinalazwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Kinalala.

Nikampakia Rahmati mbele. Akacheka, akapiga miguu.

"Fakih, njoo uone!"

Fakih alikuwa ametupa mgongo. Anatazama ukuta.

"Chukua chochote, Assia."

Daroueche akanishangaa. "Lakini dada, cha wawili cha nini tena, maadamu huyu ndo ana..."

Fakih aligeuka kama umeme!

Yule mzee akameza maneno. Akainama, akaanza kufuta gurudumu ambalo halikuwa na uchafu.

"Maadamu huyu ndo ana nini?" nikauliza.

Daroueche akaendelea kufuta.

"Fakih! Maadamu mwanangu ana nini?!"

"Tukale kwanza," akasema. "Kuna nyumba tunasubiriwa."

Nikasukuma kile kigari chembamba, nikamfuata. Kila mlango tuliopita ulikuwa na mwanamke amesimama. Shuka walizojitanda zimevutwa mpaka mdomoni, macho tu. Hawakutusalimia. Mmoja akamnong'oneza mwenzie, nikasikia wazi:

"Ndiye huyo?"

"Wanasema ndiye. Sikio ndilo litathibitisha."

Nikajaribu kurudi nyuma. Nyuma yetu amesimama yule mpakuzi, kaziba kichochoro kizima.

"Fakih, umeniuza!" nikapiga kelele. "Umemuuza mwanangu!"

Machozi yakamtoka mume wangu. "Sikukuuza, Assia. Ningekwambia Moroni, ungekimbia naye."

Mlango ukafunguliwa.

Mwanamke alitoka. Kijana kama mimi. Mikono yake yote miwili, kuanzia viganja mpaka viwiko, ilikuwa makovu ya moto.

Hakuniangalia hata kidogo. Alipiga magoti mbele ya kigari, akafunua kitambaa cha kichwa cha Rahmati, akatazama nyuma ya sikio la kushoto. Pale kwenye alama nyeusi kama mbegu ya papai.

Halafu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena mpaka leo.

Ndugu zangu... kuna jambo niliwaficha.

Rahmati sikumzaa mimi.

Siku ile Majunga, nyumba ya mtaa wa pili inawaka, nilimkuta ndani ya karai uani, analia peke yake. Miezi mitano. Mimi nilikuwa nimeshazika watoto wawili wachanga. Nikamfunga kifuani nikakimbia. Fakih nilimwambia wenye nyumba ile wamekufa wote.

Hapo mnanionea huruma, eti? Subirini.

Yule mwanamke, Saoudat, alipoweza kusema, aliuliza swali moja tu.

"Kaka yangu Houmadi, huyu hapa," akamwonyesha mpakuzi, "alipita kambi ya wakimbizi kule Majunga siku ya tatu akinadi. Mtoto wa kike, miezi mitano, alama nyuma ya sikio. Mimi nipo hospitali nimeungua. Wewe hukumsikia?"

Wote wakanigeukia. Fakih akadakia, "Asingeweza kusikia, kambi ilikuwa na maelfu ya..."

"Nilimsikia," nikasema.

Nyie! Fakih alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Nilimsikia. Alipita hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikavuta kitambaa nikamfunika mtoto sikio."

Houmadi alipiga hatua kunijia. Saoudat akamzuia kwa mkono ule wenye makovu. Akanitazama muda mrefu mno. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa mate, kwa lolote.

"Ungesema hukusikia," akaniambia polepole, "ungetoka mjini humu sasa hivi. Ingia ndani. Mtoto hanijui mimi, anakujua wewe. Utakaa mpaka anizoee. Halafu utaondoka."

Nikakaa miezi miwili na nusu. Msifikiri tulikuwa marafiki. Tulilala chumba kimoja bila kuagana. Alimwita mtoto kwa jina alilompa mwenyewe, Latoifa, na kila akiita, mimi kisu kinanipita. Nilijifungulia mlemle ndani, mtoto wa kiume, Mbaé. Saoudat ndiye aliyempokea.

Fakih alijua kwamba mama yu hai kutoka kwa Houmadi, aliyesikia habari za mtoto wetu akamfuata mpaka Moroni. Alinificha siku sita, hakupata usingizi hata siku moja. Mimi nilimficha mama mwenye mtoto miezi minane, na nilikuwa nalala fofofo. Hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe.

Lesson yangu kwenu ni fupi. Ukikaa na kisicho chako huku mwenyewe anakitafuta, usijiite mwokozi, hata kama ulikitoa motoni. Na ukiulizwa, sema kweli hata kama imechelewa. Mimi kweli yangu ilinipa siku sabini na tano za kuaga. Uongo ungeninyima hata hizo.

Wiki ya mwisho, nilikuwa nafua uani, Saoudat anachambua mchele mlangoni. Mtoto akasimama katikati yetu, akaita:

"Mama!"

Tukageuka sote wawili.

Akaenda kwa Saoudat.

Nikainama, nikaendelea kufua.