Utando wa Buluu Juu ya Lenzi

"Usiguse hicho kioo, Fundi! Ukikifuta nitakuvunja vidole."

"Madam, hii ni kuvu. Kuvu inatambaa. Leo imo kwenye lenzi yako, Ijumaa imo kwenye lenzi zangu zote."

"Kuvu iko machoni mwako. Lenzi yangu nzima."

"Machoni nina mtoto wa jicho, sina kuvu. Na kidole changu kinaona kuliko hiyo miwani yako."

"Basi kidole chako kikasome gazeti!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakigombana baba yangu na Madam Siranush nilipoingia dukani na chai, Maghrib inakaribia. Nje dhoruba ya Qasim, ile ya kila Desemba, ilikuwa imeshafika Iskandaria. Mabati ya mtaa wa Attarine yalikuwa yakipigana, na wauza samani za kale walikuwa wakiingiza viti vyao ndani mbiombio.

Baba yangu, Fundi Shafik, hutengeneza kamera za zamani na kutafutia lenzi vitu vyake vilivyopotea: vifuniko, vikinga jua, pete za kuungia. Mimi ni Rawya. Nilikuwa na miaka kumi na sita mwaka ule. Shule niliiacha kidato cha pili, macho ya Baba yalipoanza kufunga, kwa sababu kazi hii haifanyiki bila macho. Sikulalamika. Nilitaka aone kupitia mimi.

"Rawya, njoo," Baba akasema. "Mwambie Madam hiki ni nini."

Nikaishika lenzi. Ilikuwa ya shaba, nzito kama jiwe la kusagia, ya kuwekwa kwenye kamera kubwa za studio. Nikaipeleka chini ya taa na kuiinamisha polepole, nikitazama taa inavyorudi kutoka kwenye kioo. Ndivyo tunavyojua. Kioo kisichopakwa dawa kiwandani hurudisha taa nyeupe, kama maji kwenye sufuria. Kilichopakwa mara moja hurudisha buluu au zambarau. Vya miaka ya karibuni, vyenye matabaka mengi, hurudisha kijani na wekundu kama shingo ya njiwa.

Lenzi ile ilikuwa na umri kumzidi babu yangu. Enzi zake dawa hiyo haikuwepo duniani. Ilipaswa kurudisha nyeupe.

Ilirudisha buluu.

Nikatafuta nyuzi, maana kuvu huwa na nyuzi kama mizizi. Hapakuwa na hata moja. Palikuwa na utando tu, laini, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Si kuvu, Baba. Wala si dawa. Ni utando wa uzee. Wewe ndiye uliyenifundisha, huu hautoki kwa kufutwa kwa sababu umeshakuwa kioo chenyewe. Na picha hupendeza zaidi ukiachwa."

"Umesikia?" Madam akamgeukia Baba. "Mtoto ana akili kuliko mzee."

"Na hizo akili kazitoa wapi, sokoni?"

Walicheka kidogo, wote wawili. Walijuana tangu mumewe, marehemu Vahram, alipokuwa na studio kule juu, ghorofa ya nne ya jengo la kona. Kisha Madam akaacha kucheka. Alitaka kifuniko cha lenzi ile. Alikitaka jioni ileile, kwa sababu asubuhi mpwa wake angekuja kumchukua waende Kanada, na nyumba ilikuwa imeshapata mtu mwingine.

"Imekaa wazi miaka hamsini, Madam," Baba akasema. "Leo ndiyo imepata baridi?"

Madam akachukua mwavuli wake. Akanivuta mlangoni, akaninong'oneza.

"Siwezi kuondoka nikamwacha amekaa vile. Kitafute, binti yangu. Ukikipata niletee mwenyewe. Na usifute kioo. Niapie."

"Wallahi sifuti."

Akaondoka na mwavuli wake uliopinduka kwa upepo.

Vifuniko vya lenzi za namna ile havina meno ya kukazia. Vinavaa kama kofia. Kikilegea kinaanguka, kikibana kinakwama. Nikapima mdomo wa lenzi kwa kipimo cha chuma, nikamwaga mezani makopo matatu ya biskuti tunamowekea vifuniko. Nikajaribu kimoja kimoja. Vidogo. Vikubwa. Vimepindika. Baba alikwisha kwenda kusali chumba cha nyuma.

Umeme ukakatika.

Nikawasha taa ya betri. Chini kabisa ya kopo la tatu mkono wangu ukagusa kitu cha baridi. Nikakitoa. Kilikuwa kifuniko cha shaba chenye mahameli nyekundu ndani, na mahameli ile ilikuwa imelowa. Nikainusa...

Bahari.

Nikakiweka kwenye lenzi. Kikateleza taratibu, hewa ikitoka kwa mluzi mdogo, kikakaa. Hakikulegea, hakikubana. Nikakitoa kuangalia kama mahameli imekwaruza, na hapo kidole changu gumba kikagusa katikati ya kioo, kikaacha alama.

Mafuta ya kidole hula kioo. Kila fundi anajua, huwezi kuiacha alama ile hata saa moja. Nilikuwa nimeapa, ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshatoa hukumu yangu pia: utando wa uzee hautoki. Kupuliza pumzi na kupitisha ngozi laini ya kufutia mara moja tu hakungeudhuru. Nikapuliza. Nikapitisha ngozi.

Ukatoka wote.

Ukatoka kama mvuke unavyotoka kwenye mfuniko wa chungu. Nikaipeleka lenzi kwenye taa. Nyeupe. Nikaigeuza huku na huku. Nyeupe, nyeupe. Ile ngozi ilikuwa imelowa mkononi mwangu, na ilinukia kahawa yenye iliki na poda ya uso, harufu ya mwanamke aliyekusogelea sana.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Kikohozi kidogo.

Cha mtoto.

Niligeuka. Palikuwa na rafu tu, na kamera zake, na giza. Baba akatokea chumba cha nyuma akipapasa ukuta.

"Umepata?"

Nikampa kifuniko akishike. Akakizungusha vidoleni mara nyingi, uso wake ukibadilika.

"Rawya, hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye makopo yako."

"Kila kitu kilichomo humo kimepita mkononi mwangu. Hiki sijawahi kukishika."

Sikumwambia habari ya utando. Nilifunga lenzi kwenye shali langu nikatoka.

Lifti ya jengo la kona ilikufa zamani. Nilipanda ghorofa nne gizani, upepo ukilia ndani ya shimo la lifti. Madam alifungua kabla sijabisha. Nyumba ilikuwa tupu, masanduku mawili yamefungwa kamba. Lakini yeye alikuwa amevaa gauni la hariri la zamani, kubwa kwake sasa, na midomo ameipaka rangi nyekundu. Alikuwa amechana nywele zake nyeupe zikakaa vizuri.

"Nimependeza?" akaninong'oneza.

"Umependeza, Madam."

Akanipeleka chumba cha studio. Kamera kubwa ilisimama juu ya miguu yake mitatu. Mbele yake, dirishani, palikuwa na kiti kidogo cha mbao. Hapakuwa na kitu kingine. Chumba kizima kilinuka kafuri.

Alishika mshumaa wakati mimi nikiifunga lenzi mahali pake, na huku nikifunga alinieleza. Lenzi ile haikuwa na kitufe. Ukitoa kifuniko picha inaanza, ukikirudisha picha imekwisha. Siku ile Vahram alimweka binti yao Hasmig kwenye kile kiti. Alikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza anatoka kwenye homa ya kifua, wamempaka mafuta ya kafuri. Vahram akatoa kifuniko, akamwambia tulia hapo mpaka baba afunge. Akaanza kuhesabu. Alipofika sita mtoto akashikwa na kikohozi, akaanguka. Vahram akambeba akakimbia naye, kifuniko bado kimo mkononi. Mtoto alikata roho ngazini. Usiku ule baba yake alikwenda ufukweni akakitupa kifuniko baharini.

"Picha haikufungwa," Madam akasema. "Tulizika mwili makaburini Shatby. Yeye mwenyewe yuko palepale kitini. Mtoto mtiifu sana. Aliambiwa atulie, ametulia."

Nikaendelea kukaza lenzi.

"Kila jioni nakuja mbele ya lenzi, nazungumza naye mdomo ukigusa kioo. Namwambia nilichopika. Ule utando ni pumzi zangu, binti yangu, za miaka yote hiyo. Ananiona kupitia humo. Hajui kuwa muda umepita." Akajifuta jicho kwa uangalifu asiharibu rangi. "Leo namshusha. Nimkumbatie mara moja tu, halafu aende kwa Mungu, na mimi niende Kanada."

Nilitaka kumwambia. Namshuhudisha Mungu nilitaka. Lakini alikuwa amejipaka rangi ya midomo... nikanyamaza.

"Tazama kama imekaa sawa," akasema, akainua kitambaa cheusi nyuma ya kamera.

Nikaingiza kichwa. Kamera zile huonyesha kila kitu miguu juu kichwa chini, kwenye kioo chenye ukungu. Nilitegemea giza, kwa kuwa chumba kilikuwa na mshumaa mmoja tu.

Kwenye kioo kulikuwa na mchana.

Jua la asubuhi liliingia dirishani. Kiti kilikuwa juu, kimegeuka. Na kutoka kwenye kiti zilining'inia soksi nyeupe, gauni lenye kola, mikono miwili imewekwa magotini, na uso.

Nilitoa kichwa. Kiti kitupu.

Nikarudi chini ya kitambaa. Yupo.

Macho yake yakasogea. Yakanitazama mimi.

"Umemwona?" Madam akanong'ona.

"Nimemwona."

"Nipishe."

Akaingia chini ya kitambaa. Alikaa humo muda mrefu. Nilisikia pumzi yake inakatika.

"Mbona leo yuko wazi hivi?" sauti yake ikatoka, ndogo. "Naona hadi kope zake. Mmefuta?"

"Hapana, Madam."

Nilisema hivyo. Hapana, Madam.

"Hacheki. Kila siku akiniona huchekea puani..." Akatoka chini ya kitambaa, nywele zimevurugika, akazirudisha kwa viganja. "Amechoka. Nani asingechoka? Mimi nitakaa hapa mbele anione akishuka. Wewe funga."

Akapiga magoti kati ya kiti na mlango, kwa shida, akishika ukuta. Akafungua mikono yake miwili.

Nikaweka kifuniko. Hewa ikatoka kwa mluzi.

Kimya.

Hata dhoruba ilinyamaza.

Kisha kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akiinuka. Viatu vidogo vikagusa sakafu. Tap. Mshumaa ukalala upande mmoja bila kuzimika. Hatua zikaja. Tap... tap... tap... Harufu ya kafuri ikanipita karibu sana hadi vinyweleo vya mkono vikasimama.

"Hasmig," Madam akasema. Akaendelea kwa Kiarmeni, lugha ya nyumbani kwao, haraka, chini chini, akilia na kucheka pamoja. Maneno sikuyaelewa, ila yalikuwa yale ambayo mama yeyote husema mtoto akitoka safari.

Hatua zikasimama mbele yake.

Hapo katikati ya mikono yake palikuwa na kitu, kwa sababu niliona hariri ya gauni ikitikisika kana kwamba mtu anaipumulia. Madam hakujisogeza. Alikuwa ameinua uso, makunyanzi yake yote kwenye mwanga wa mshumaa, akingoja atambuliwe.

Hatua zikarudi nyuma. Moja. Ya pili.

Zikamzunguka.

Mtoto alipita kando ya mama yake kwa adabu, pembeni kabisa, kama unavyompita bibi usiyemjua kwenye ngazi nyembamba, ukiangalia usimguse.

Madam alibaki amefungua mikono.

Asubuhi mpwa wake alimkuta vilevile, amepiga magoti, akambeba hadi kwenye gari, akaenda naye. Hakuniaga. Lenzi iko kwetu, na kifuniko chake. Baba husema ule utando huenda ulikuwa moshi wa jikoni tu na chumvi ya bahari, na kwamba wanawake wawili na mshumaa mmoja wanaweza kuona lolote. Lakini kile kifuniko hakigusi. Na mimi nimeshaipeleka ile lenzi kwenye taa mara zisizohesabika, nimeipulizia, nimeizungumzia mdomo ukigusa kioo. Inarudisha nyeupe.

Baba ameniuliza kama mtoto alisema kitu. Nimemwambia hakusema.

Alisema. Kitasa cha mlango kilishuka chenyewe, mlango ukafunguka nusu, na pale kizingitini akageuka. Hakusema Kiarmeni. Alisema Kiarabu chetu cha mtaani, polepole na kwa heshima, kama watoto wa Kiarmeni wanavyosema na watu wasio wa nyumbani kwao:

"Samahani, Bibi. Ukimwona mama yangu, mwambie nimeshamaliza, natoka kumtafuta."