Kizimba cha Mama Kiula

Kicheche alipiga chafya mara moja, na nyumba nzima ya fundi Gunda ikajifunga.

Milango ilibana. Feni za darini zikazimika. Kwenye ukuta wa kioo uliotenga sebule na chumba cha mke wake, taa nyembamba iliyokuwa ya kijani tangu masika ikawa nyekundu, kisha kifuniko kikashuka mbele ya kizimba kwa mlio wa sufuria inayofunikwa. Gunda alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Alikiweka mezani.

Mtambo ule uliitwa mlindapumzi, na hapa Singida kila nyumba yenye mgonjwa wa mapafu ya kuoteshwa ilikuwa nao. Mapafu hayo yaliota maabara kama miche kitaluni, halafu yakapandikizwa kifuani mwa mtu ambaye ya kwake yamekwisha. Yalipumua vizuri kuliko yale aliyozaliwa nayo. Taabu yake ni kwamba mwili huyakataa, basi dawa hutolewa za kuulaza ulinzi wote wa mwili ili uyakubali. Mafua, haya haya ambayo mtoto huchuruzika kamasi huku anacheza, yanaweza kumuua mwenye mapafu hayo. Ndiyo maana Eliwaza, mke wa Gunda, aliishi nyuma ya kioo. Hewa yake ilichujwa, chakula chake kilipitishwa kidirishani, na huu mwaka wa pili hakuna mkono wa mtu uliomgusa bila glavu.

Mashine za kunusa maradhi zilikuwepo, lakini mashine hunusa kile ilichofundishwa. Ugonjwa mpya hupita mbele yake kama mwizi mbele ya mlinzi aliyesinzia. Kicheche hakufundishwa kitu, yeye anaugua tu. Mnyama huyo mrefu, mwembamba, mwenye manyoya meusi machoni kama aliyevaa miwani, hushikwa na mafua ya binadamu, tena haraka. Basi wataalamu walimweka ndani ya chumba cha mgonjwa, kwenye mdomo wa bomba la hewa, ili avute yeye kwanza. Punje ya chuma nyuma ya sikio lake ilisoma joto na chafya. Akipiga chafya, bomba linafungwa, na kifuniko kinashuka kumtenga na mgonjwa.

Kifuniko kilikuwa kimeshuka. Gunda alisogea kwenye kioo akachungulia.

Machela ya kitambaa ilining'inia tupu. Mfuko wa kulalia ulikuwa bapa, hauna kitu. Chini kwenye kona, waya ulikuwa umebinuka kama ukurasa wa kitabu. Upande wa pili wa chumba, Eliwaza alikaa kitandani amempa mgongo, amejitanda khanga, na ndani ya khanga ile, karibu na shingo, kitu kilikuwa kinajigeuza.

Kizimba kile alikijenga Gunda mwenyewe.

Vicheche wawili wa mwanzo waliishi katika kasha la kiwandani, sanduku la plastiki angavu lisilo na pa kujificha. Kicheche hulala karibu mchana kutwa, tena hutaka giza. Mle ndani walilala mwanga ukiwapiga usoni, wakakonda, wakapiga chafya za uongo mpaka nyumba ikawa inajifunga kila mara, kisha wakafa mmoja baada ya mwingine. Alipoletwa wa tatu, fundi wa mitambo Nkwabi, Msukuma aliyekuwa mtani wa Gunda kwa kabila na kwa mdomo, alimwambia kwenye picha ya ukutani, bila kuficha, kwamba huyo ndiye wa mwisho kwa sasa. Akifa, sheria inataka mgonjwa apelekwe Jengo la Pumzi, Dodoma. Kule kila mtu yuko chumbani mwake peke yake, na ndugu humwona kwenye kioo cha picha. Waliokwenda, wengi hawakurudi kuishi kwao.

Gunda akasema kizimba atajenga mwenyewe.

Nkwabi alicheka mpaka picha yake ikatetemeka ukutani. Alisema Mnyiramba kumjengea kicheche nyumba ni sawa na kuku kumkaribisha kicheche chai. Maana kazi ya Gunda, tangu alipoacha shule akiwa na sare ya kaptura, ilikuwa mabanda ya kuku, na Singida bila kuku si Singida. Miaka yote hiyo alijenga dhidi ya kicheche wa porini. Aliona hakuna anayemjua mwizi kuliko mtu aliyemfungia mlango maisha yake yote.

Nkwabi alipomaliza kucheka alimpa maelekezo ya maana. Kichwa kikipita, mwili wote utapita, kwa hiyo matundu ya waya yawe madogo kuliko ncha ya kidole. Sakafu isiwe ya waya, inaumiza nyayo. Ziwepo ghorofa za kupanda na kushuka, bomba la kupenya, pembe ya kujisaidia na mahali penye giza. Joto asipewe, joto linamuua. Gunda alifuata yote. Alichonga mbao, akazipaka rangi isiyonyonya maji, akaweka mlango mdogo wa kulishia upande wa sebuleni, na watu wenye mavazi meupe wakaja kukifunga ukutani. Haikupita wiki, kicheche akanenepa, akaanza kuruka na kutoa ile sauti yao ya furaha, inayofanana na koo anayeita vifaranga. Taa ikakaa kijani. Gunda alijisifu kwenye kila kijiwe cha kahawa.

Sasa aliutazama ule waya uliobinuka, na akaona kosa lake waziwazi. Alikuwa ameugongea nje ya fremu. Ndivyo lijengwavyo banda la kuku: adui yuko nje, akisukuma, waya unaegemea mbao. Lakini huyu alikuwa ndani. Akisukuma yeye, hakuna mbao ya kumzuia, ni misumari peke yake. Alikuwa amemjengea kicheche banda la kuku.

Alibonyeza kitufe cha kuongea. Sauti ilitoka nzito.

"Mama Kiula. Huyo mnyama anaumwa. Mtoe hapo shingoni."

"Punguza sauti," alisema Eliwaza bila kugeuka. "Ndiyo kwanza amelala."

"Kosa langu. Waya nimeugongea nje. Ameusukuma mpaka misumari ikang'oka."

Mabega ya Eliwaza yalitikisika. Gunda alidhani analia, kumbe anacheka.

"Baba Kiula, huyu? Huyu hata pazia linamshinda. Misumari nimeing'oa mimi, kwa kijiko. Uliigongea upande wangu, ningeacha?"

"Lini?"

"Wiki ile ile mlipomleta. Ukienda karakana namtoa, nikisikia geti namrudisha." Aligeuka sasa, na kichwa kidogo chenye pua nyekundu kilichungulia kwenye upindo wa khanga. "Wewe ulidhani amenenepa kwa ajili ya mbao zako."

Gunda alitazama mkono wa mkewe ukipita mgongoni mwa mnyama, kutoka kisogoni hadi mkiani, na tena, na tena, kama mtu anayesoma kitu kwa vidole. Aliukumbuka vizuri mkono ule. Yeye mwenyewe mara ya mwisho ulimgusa mlangoni mwa hospitali, akimtengeneza kola.

Ukuta uliita. Uso wa Nkwabi ulitokea, na haukuwa na utani, jambo lililomtisha Gunda kuliko taa nyekundu.

Nkwabi alieleza upesi. Punje inaonyesha joto limepanda, si chafya ya uongo. Ni mafua, na yameingia kwa mlango wa kulishia. Akauliza nani kati yao ana koo linalokereketa. Gunda akasema ni yeye. Tangu juzi koo lilimkwaruza, akasingizia vumbi la mbao. Nkwabi akasema basi, yaliyopita si ndwele. Kifuniko kimeshuka, na kama mnyama yuko nyuma yake, mgonjwa yuko salama. Kama hayuko, ile dawa kali iliyo ndani ya ukuta ifunguliwe sasa hivi, kabla Eliwaza hajakohoa, maana akishakohoa haitamsaidia. Ila dawa hiyo huzima hata ule ulinzi kidogo uliobaki mwilini. Anayepewa haishi tena nyumbani. Gari la anga litamfuata leo hii, limpeleke Dodoma.

Kutazama mwenyewe Nkwabi hakuweza. Kasha la kiwandani lilijua mnyama yuko wapi, kizimba cha Gunda kilikuwa mbao tu. Na lile jicho la kamera la ukutani Eliwaza alilitundikia khanga siku ya kwanza, akisema hatavua nguo mbele ya wafanyakazi wa serikali.

"Niambie wewe, mtani," alisema Nkwabi. "Kicheche yumo kizimbani?"

Eliwaza alikuwa amesimama, ameweka kiganja kwenye kioo. Alizungumza kwa sauti ya chini, Nkwabi asisikie, kama anayemwelekeza mtu njia.

"Sema yumo. Nitajihatarisha mwenyewe. Nikifa nife nasikia nyundo yako uani. Kule mimi siendi, Gunda."

Eliwaza hakuwahi kumwita kwa jina tangu walipozaa. Gunda alitazama kiganja kile, mistari yake yote ikionekana kwenye kioo. Aliwaza Dodoma, chumba cheupe kisicho na geti la kusikilizia. Akawaza pia kaburi. Alikuwa mtu wa kuona mambo mawili tu, na kati ya hayo mawili, moja lilikuwa na mke wake ndani, anapumua.

"Hayumo," alisema. "Yuko kifuani mwa mke wangu."

Dawa ilifunguka hapo hapo. Mrija uliokuwa mkononi mwa Eliwaza ukawa wa manjano. Hakumtukana, hakulia. Alikaa kitandani akampa mgongo, na kitufe cha kuongea upande wake akakizima.

Saa zilizofuata Nkwabi ndiye aliyesema na wote wawili. Dawa imewahi, alisema, na hilo ndilo kubwa. Kisha akaleta ombi la Eliwaza. Kwa kanuni, mnyama mwenye maradhi hutupwa kwenye tanuri la taka. Eliwaza alisema ugonjwa alio nao kicheche anao na yeye tayari, hakuna wa kukingwa na mwenzake, kwa hiyo watakwenda wote au wambebe yeye akiwa maiti. Nkwabi alipekua kanuni, akaipata nafasi: mgonjwa anaruhusiwa mnyama, mradi awe na kizimba imara, ambamo mnyama hawezi kutoka wala mgonjwa hawezi kukifungua. Mkuu wa msafara atakikagua. Makasha ya kiwandani hayakuwepo.

"Gari limeshapaa," alisema Nkwabi. Akamfungulia Gunda mlango wa uani tu, akachukue mbao.

Gunda hakufanyia kazi karakana. Alivuta mbao, waya na msumeno hadi sebuleni, akapiga magoti mbele ya kioo. Jasho lilimwingia machoni. Kila alipopima alijiambia apime tena, na muda wa kupima tena haukuwepo. Alikata fremu ndogo ya kubebeka, ghorofa mbili, sakafu ya mbao laini. Safari hii waya aliuweka ndani ya fremu, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye mfuko wa kulalia, alisikia kioo kinagongwa. Eliwaza alikuwa amegeuka. Alinyoosha kidole juu. Gunda akautundika juu. Eliwaza akatikisa kichwa: juu zaidi, kwenye kona, penye giza. Gunda akausogeza.

Upande uliobaki ulikuwa ule wa mfuko. Muungurumo wa gari la anga ulikwishasikika juu ya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo mlimani. Gunda aliinua msumari, akautazama, kisha akachukua plaizi akaukata mguu. Akakata na mingine ya upande ule. Aliigonga kidogo sana, vichwa vikakaa sawa na vingine, ila chini havikushika kitu. Waya ule, anayesukuma kutoka ndani angekutana na fremu. Anayesukuma kwa vidole kutoka nje angepita na mkono wake wote. Alipoinua macho alikuta Eliwaza anatazama mikono yake. Amekuwa mke wa fundi miaka mingi, msumari usioshika anaujua.

Waliingia watatu, wamevaa meupe. Mkuu wao alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya upole. Alikiinua kizimba, akakitikisa, akaingiza kulabu kwenye matundu na kuvuta kila upande kuelekea kwake, kama ambavyo mnyama angesukuma. Hakikulegea. Alipita na upande wa mfuko. Haukulegea.

"Kazi nzuri, fundi," alisema. "Mnyama hatoki?"

"Hatoki."

"Na mgonjwa je? Tunafungia kwa sababu, baba, si kwa kupenda. Anaweza kukifungua huyu?"

Gunda alimtazama machoni, kupitia kile kioo cha kofia yake.

"Hawezi."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, akagonga muhuri wa mwanga kwenye fremu. Walimlaza Eliwaza ndani ya machela yenye kuba angavu, na kizimba, kicheche akiwa ndani, wakakiweka ubavuni mwake. Walipompitisha sebuleni, Gunda alisimama pembeni akiwa bado ameshika plaizi. Ndani ya kuba, kidole cha Eliwaza kilibonyeza kitufe cha kuongea, mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Na wewe," alisema, "ukajifukize hayo mafua. Usikae unapiga misumari tu."