Bomba Alilolibeba Alen

Alen alikutwa amelala kifudifudi kati ya matuta ya kabichi, juu kidogo ya kijiji cha Magamba, bomba la kupulizia dawa likiwa bado mgongoni. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, hana mke, na majirani wote walimsifu. Inspekta Esteria Shekiondo hakulipa uzito hilo. Marehemu wote husifiwa.

"Sumu," alisema Konstebo Zuberi. "Ajali ya kazi, afande."

"Labda." Esteria alichuchumaa. Alen alivaa glavu, mabuti na koti la mvua. Barakoa ilikuwa imeshushwa shingoni. Mfukoni mlikuwa na kikombe cha kupimia dawa. "Mtu anayejikinga hivi anauawaje na dawa yake mwenyewe?"

Zuberi akaliandika swali.

Nathanaeli, kaka mkubwa wa marehemu, aliwapokea kwake, chini ya shamba hilo. Alikuwa na miaka arobaini na sita na makovu ya kamba mabegani. Kwa miaka kumi na mitano aliwapulizia watu mashamba, mpaka mwaka jana alipomwachia mdogo wake kazi.

"Shikamoo, kaka. Pole kwa msiba." Esteria alimwamkia; mashaka hayafuti adabu.

"Marahaba. Nimeshapoa. Mdogo wangu kaponzwa na ulimi, afande. Sisi wapuliziaji hatupimi. Unachovya kidole, unaonja. Ukiona ulimi unakufa ganzi, dawa imekolea, unatema. Yeye kasahau kutema."

"Ulimwona akionja?"

"Ndivyo tunavyofanya wote."

"Mara ya mwisho kwenda naye shambani ni lini?"

"Tangu nimwachie kazi sijaenda."

"Mlikosana?"

"Ndugu hawakosani."

Esteria ana kaka watano, na ndugu wasiokosana bado hajawaona. Tena kikombe kile kilimkera. Mwenye kupima kwa kikombe ana haja gani ya kuonja?

Uchunguzi wa maiti ulisema wazi. Tumboni mlikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi, na ndani ya chai hiyo sumu ya kutosha kuua ng'ombe. Shambani hapakuwa na chupa ya chai. Basi kuna mtu aliyekuja nayo na kuondoka nayo.

Klara, mke wa Nathanaeli, alikuwa akimenya viazi jikoni. Mimba yake ya miezi minne, ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa, ilikuwa imeanza kuonekana.

"Siku ile nani alimpelekea shemeji yako chai?"

"Si mimi. Nilikuwa sokoni Soni nauza karoti."

"Mumeo?"

Klara aliweka kisu chini. "Niliporudi nilikuta chupa ya chai imeanikwa, inang'aa. Tangu anioe, mume wangu hajaosha hata kijiko. Nikafurahi, afande. Nikadhani ujauzito umemlainisha." Akaanza kulia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona Zuberi walipokuwa wakiifunga chupa ile kwenye mfuko wa vielelezo.

Siku ya nane maabara ilileta majibu. Esteria alimketisha Nathanaeli kituoni Lushoto, Zuberi akiandika maelezo.

"Uliosha chupa, ukasahau kizibo. Sumu imekutwa humo. Mkeo asingesahau."

Maneno yakamtoka Nathanaeli kwa mkupuo.

"Daktari aliniambia mwaka jana. Dawa zile nilizokuwa naoga kila siku zinaweza kuvuruga homoni za mwanamume. Mbegu zangu chache, tena dhaifu. Miaka yote hiyo watu wanamwita Klara tasa, naye hata baada ya majibu yale ananyamaza kunisitiri. Halafu ghafla ana mimba! Na kila kliniki anapelekwa na pikipiki ya Alen. Wanacheka njiani. Nikitokea mimi, kimya. Nikakosa usingizi, chakula hakipiti. Nilimwonea wivu mpaka kivuli chake."

"Ulimwuliza mkeo?"

"Mwanamume anauliza nini hapo?"

"Daktari alikuambia nini kingine?"

"Niache bomba. Nikaacha. Mwezi wa pili mwaka huu wakanipima tena. Sikurudi kuchukua majibu. Niende kuambiwa mara mbili kwamba mimi si kitu?"

Esteria alitoa karatasi. Ilikuwa imepatikana kwa amri ya mahakama.

"Klara na Alen waliyafuata majibu haya mara tatu. Daktari akakataa, akataka ufike mwenyewe. Walikuwa wakinyamaza ukitokea kwa sababu walipanga namna ya kukufikisha hospitali bila kukuaibisha. Klara ameniambia."

"Yanasemaje?"

"Mbegu zimeongezeka na zina nguvu. Mwili ukiepushwa na sumu, wakati mwingine hujirudi. Si wote wanaobahatika. Wewe ulibahatika, na mwezi wa tatu Klara akashika mimba."

"Kwa hiyo mtoto..."

"Vinasaba vitathibitisha akizaliwa. Klara hana shaka hata chembe."

Nathanaeli alishika ukingo wa meza. "Lakini Alen aliniomba bomba mwenyewe. Alisema kazi imempendeza."

"Sumu humpendeza nani, kaka? Alijua usingeacha kama hakuna wa kukupokea. Alimwambia Klara yeye bado hajaoa, ana muda, na atajikinga. Wewe muda wako ulikuwa unakwisha."

Nathanaeli aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Akamwomba Zuberi amsomee tena. Zuberi akamsomea polepole, mpaka mwisho, kisha akamsogezea kalamu atie saini maelezo yake.